Kompyuta na Ukubwa wa Kioo Chake: Tahadhari kwa Mwalimu wa Vipimo

Mwalimu afundishaye vipimo vya urefu katika darasa la tatu au la nne hutegemea jambo moja kuliko mengine yote, nalo ni kwamba sentimita iliyo mkononi mwa mtoto ni sawa na sentimita iliyo ubaoni, na ni sawa na ile iliyochapwa kitabuni. Jambo hilo likivunjika, somo zima huvunjika, kwa kuwa kipimo ni mapatano baina ya watu, na mtoto hana njia ya kuyaamini mapatano yanayobadilika kila anapogeuza macho. Siku hizi shule kadha wa kadha zina kompyuta mpakato, vishikwambi au projekta, na mwalimu huweza kuwaonyesha wanafunzi rula iliyochorwa na programu badala ya kuichora kwa chaki. Basi hapana budi tuulize: je, sentimita ya kwenye kioo cha kompyuta ni sentimita kweli?

Tuchukue mfano. Mwalimu amechora mstari AB kwa kutumia programu, na programu imemwambia kuwa urefu wake ni sentimita 10. Anamwita mtoto mbele aupime. Mtoto anaweka rula yake sawasawa, anasoma kwa uangalifu, anajibu: sentimita 10 na milimita 4. Mwalimu anatazama jibu lililo katika andalio lake la somo, anaona 10, naye anamwambia mtoto kuwa amekosa, arudi akajaribu tena. Mtoto hakukosa. Alifundishwa kupima, akapima, akasema alichokiona. Anachojifunza siku hiyo ni kwamba jicho lake na rula yake havina thamani mbele ya mashine, na hilo ni somo ambalo hakuna mtaala unaolitaka.

Ili mwanachuo ajihadhari na jambo hili, haitoshi kumwambia asiamini kompyuta. Yampasa ajue kompyuta inapata wapi habari za ukubwa wa kioo chake.

Barua itokayo kiwandani

Kompyuta haina jicho la kukitazama kioo chake, wala haina rula. Inachokijua kwa hakika ni hesabu ya nukta zinazounda picha, ambazo wataalamu huziita pikseli. Kioo cha kawaida cha leo aghalabu huwa na nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Lakini nukta si kipimo cha urefu. Kusema kwamba mstari una nukta 400 ni kama kusema kwamba kutoka shuleni hadi kisimani ni hatua 400: bado hujui ni hatua za nani. Nukta hizo hizo 1920 zaweza kutandazwa juu ya kioo cha kompyuta mpakato chenye upana wa sentimita 34, au juu ya televisheni ipitayo upana wa meza ya mwalimu.

Katika mwaka 1994 chama cha watengenezaji kiitwacho VESA kilitoa utaratibu ambao bado unafuatwa, ijapokuwa umeongezewa mambo mengi. Kwa utaratibu huo, ndani ya kila kioo huwekwa kumbukumbu ndogo yenye habari zake, nazo habari hizo huitwa EDID. Sehemu yake ya msingi ina baiti 128 tu. Kioo kinapounganishwa na kompyuta, kompyuta huisoma kumbukumbu hiyo kwa kupitia nyuzi zilizotengwa kwa kazi hiyo ndani ya waya wa picha. Humo huandikwa jina la mtengenezaji kwa herufi tatu, mwaka wa kutengenezwa (nao huhesabiwa tangu 1990), mpangilio wa nukta unaofaa, na mengineyo. Miongoni mwa baiti hizo, moja hutaja upana wa picha na nyingine kimo chake, zote mbili kwa sentimita kamili, bila milimita. Mahali pengine, katika maelezo ya mpangilio wa picha, upana na kimo hutajwa tena, safari hii kwa milimita.

Kwa hiyo programu isemapo kwamba kioo kina upana wa milimita 530, haikupima kitu. Imesoma barua iliyoandikwa kiwandani. Barua yaweza kuwa ya kweli, yaweza kuwa ya kukadiria, na yaweza kuwa ya uongo mtupu.

Hapa pana jambo dogo linalofaa kutajwa, kwa maana linafanana sana na kazi yetu ya ualimu. Baiti ya mwisho ya zile 128 ni ya ukaguzi. Ukijumlisha baiti zote, jumla yake sharti igawanyike kwa 256 bila baki. Isipogawanyika, kompyuta hutambua kwamba barua imeharibika njiani. Huo ni ukaguzi mzuri, lakini unathibitisha jambo moja tu, yaani kwamba barua imefika kama ilivyoandikwa. Hauthibitishi kwamba mwandishi alisema kweli. Mwanafunzi aliyenakili ubaoni hesabu iliyokosewa, akainakili bila kuacha hata tarakimu moja, atafaulu ukaguzi wa namna hiyo.

Barua inaposema kweli, na inapopotoka

Tuanze na hali njema. Kioo kinachouzwa kwa jina la inchi 24 mara nyingi huwa na inchi 23.8 kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, na eneo lake la picha huwa takriban milimita 527 kwa 296. Kwa sentimita kamili, barua itasema 53 kwa 30. Programu ikiuchukua upana huo na kuugawa kwa nukta 1920, kisha ikachora mstari mlalo wa sentimita 10, mstari huo utakuwa na urefu halisi wa milimita 99 na kitu. Tofauti ni chini ya milimita moja, na rula ya mtoto haitaigundua kwa urahisi. Lakini programu hiyo hiyo ikichora mstari wima wa sentimita 10 kwa kutegemea kimo cha sentimita 30, utatoka karibu milimita 98.8. Mraba wake basi si mraba kamili, ingawa jicho halitaona.

Kioo kikiwa kidogo, madhara ya kuziacha milimita huongezeka. Kompyuta mpakato ya inchi 11.6 ina kimo cha picha cha milimita 144 hivi. Ukiandika sentimita 14 umepunguza milimita 4 katika 144, yaani karibu asilimia 3. Milimita hizo hizo 4 katika televisheni yenye kimo cha milimita 700 si kitu. Mwanachuo ataona kwamba hili ni somo zuri la asilimia kwa madarasa ya juu: kosa lile lile la urefu huwa kubwa au dogo kwa kadiri ya kitu kinachopimwa.

Programu nyingi huchagua ile sehemu ya barua iliyoandikwa kwa milimita, na hapo usahihi huwa mzuri zaidi, isipokuwa pale mtengenezaji alipoona uvivu akazidisha sentimita zake kwa 10. Ukiona kioo kinachojitaja kuwa na milimita 530 kwa 300 barabara, shuku.

Kisha kuna barua zisizohusiana kabisa na kioo kilichozibeba. Watengenezaji wengine, badala ya kuandika ukubwa, huandika uwiano wa pande. Kioo chenye uwiano wa 16 kwa 9 hujitangaza kuwa na sentimita 16 kwa 9, au milimita 160 kwa 90, ukubwa wa simu ya mkononi. Televisheni hasa zina ugonjwa huu. Ikiwa kile kioo chetu cha inchi 24 kimeandikwa hivyo, na programu ikaamini, itadhani kwamba kila milimita ina nukta 12, nayo itachora “sentimita 10” zenye nukta 1200. Ukiweka rula halisi utapata karibu sentimita 33. Jambo hili limezoeleka kiasi kwamba baadhi ya mifumo ya kompyuta imefundishwa kuzitambua jozi hizo za namba na kuzitupa.

Katika vioo vya zamani vya mirija mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu picha yenyewe iliweza kupanuliwa au kufinywa kwa kugeuza vitufe, na tena ukubwa uliotangazwa dukani ulihesabu hata sehemu ya mrija iliyofichwa na fremu. Kioo cha inchi 15 kiliweza kuonyesha inchi 13.8 tu. Vioo hivyo vimeachwa karibu kila mahali, basi tusivikalie.

Inchi ya kubuni

Msomaji atafikiri sasa kwamba dawa ni kupata kioo chenye barua ya kweli. Laiti ingekuwa hivyo. Sehemu kubwa ya programu anazozitumia mwalimu haziisomi barua kabisa.

Kompyuta ya Macintosh ilipotoka mwaka 1984, ilikuwa na kioo chake ndani ya sanduku moja, chenye nukta 512 kwa 342, na nukta hizo zilipangwa 72 katika kila inchi. Hesabu ya 72 haikuokotwa njiani. Wapiga chapa hupima herufi kwa pointi, na inchi moja ina takriban pointi 72. Kwa hiyo nukta moja ya kioo ililingana na pointi moja ya karatasi. Mtengenezaji aliweza kuahidi hivyo kwa kuwa kioo alikitengeneza yeye mwenyewe. Mfumo wa Windows, uliotumika kwa vioo vya kila namna, ulichukua nukta 96 kuwa ndiyo inchi, bila kujali kioo kilichopo. Desturi hiyo imekaa. Hata katika kurasa za intaneti, kanuni za leo zinasema wazi kwamba inchi moja ni nukta 96. Ni inchi kwa jina. Programu nyingi za kuandikia, zinapoonyesha rula juu ya ukurasa kwa ukuzaji wa asilimia 100, hufuata hesabu hiyo hiyo.

Inchi halisi ina milimita 25.4, basi sentimita 10 za desturi hii ni nukta 378. Tazama yanayotokea nukta hizo zinapowekwa juu ya vioo mbalimbali. Katika kile kioo cha milimita 527 zitachukua karibu milimita 104, na hapo ndipo yule mtoto wetu alipopata milimita 4 za ziada. Katika kompyuta mpakato ya inchi 15.6 yenye nukta 1366 kwa upana, zitachukua milimita 95 hivi. Katika kompyuta mpakato ya ukubwa ule ule lakini yenye nukta 1920, zitachukua milimita 68 tu. Kwa kuwa maandishi huwa madogo mno katika kioo kama hicho, mfumo huyakuza kwa asilimia 125, na mstari wetu hufika milimita 85. Ni mstari mmoja, faili moja, mwalimu mmoja, na majibu manne.

Vishikwambi na simu za Android zina inchi yao ya kubuni, yenye vipande 160, na mtengenezaji hukiingiza kifaa chake katika kundi lililo karibu na msongamano wa nukta zake. Hapo napo, kukaribia si kulingana.

Projekta ni jambo jingine. Ukubwa wa picha yake hutegemea umbali kutoka ukutani, na hakuna kiwanda kiwezacho kujua utaiweka wapi. Kwa hiyo utaratibu unataka projekta iandike sifuri mahali pa upana na kimo, maana yake: ukubwa haujulikani. Huo ndio uaminifu. Programu ikikuta sifuri hurudi kwenye zile nukta 96. Na ikiwa picha moja inaonyeshwa kwenye kompyuta na ukutani kwa wakati mmoja, hata barua mbili za kweli hazingesaidia, kwa sababu mstari mmoja hauwezi kuwa na sentimita 10 mahali pawili pasipolingana.

Kinachosalia kweli

Mwalimu asije akakata tamaa na kukifungia kifaa kabatini. Picha ikikuzwa sawasawa kwa upana na kimo, urefu hubadilika lakini pembe hazibadiliki, wala uwiano haubadiliki. Pembe ya nyuzi 60 iliyochorwa kwenye simu itabaki nyuzi 60 juu ya ukuta mzima. Pembetatu yenye pande zilizo katika uwiano wa 3, 4 na 5 itabaki na uwiano huo. Sehemu, yaani nusu, robo na theluthi, hazidhuriki. Grafu, ramani yenye mstari wa kipimio uliochorwa ndani yake, na michoro ya kulinganisha, vyote hivyo kompyuta huvionyesha vizuri, tena vizuri kuliko chaki.

Lakini sharti ni hilo neno “sawasawa”. Wakati mwingine picha yenye umbo la 4 kwa 3, kwa mfano ile yenye nukta 1024 kwa 768, hunyoshwa ili ijaze kioo cha 16 kwa 9. Hapo upana huzidishwa kwa 4 na kugawanywa kwa 3, na kimo hubaki kilivyo. Mraba huwa mstatili, duara huwa yai, na mstari uliokuwa umeinuka kwa nyuzi 45 hulala hadi nyuzi 37 hivi. Mwalimu anayefundisha pembe na achore duara kabla wanafunzi hawajaingia darasani, alipime kwa wima na kwa mlalo. Vipimo viwili vikilingana, aendelee.

Namna ya kulifanya somo

Kwa maoni yangu njia bora si kuwaficha watoto jambo hili, bali kulifanya liwe somo lenyewe. Darasa la nne wanalimudu. Vifaa ni kompyuta moja, rula za kawaida na tepe za karatasi zilizokatwa kutoka karatasi nyeupe. Tepe ni muhimu, kwa sababu rula ya mbao ikigandamizwa juu ya kioo laini hukidhuru, na kwa sababu katika darasa lenye watoto wengi tepe yaweza kupelekwa dawati kwa dawati, kioo kikibaki mezani.

Mwalimu achore mstari unaotajwa na programu kuwa wa sentimita 10. Awaulize wanafunzi watabiri: rula itasema ngapi? Kisha mtoto mmoja ashike tepe mbele ya mstari bila kuugusa kwa nguvu, macho yake yakielekea ncha moja kwa moja na si kwa upande, kwa maana kioo kina unene na ukitazama kwa upande ncha huhama. Atie alama mbili kwa penseli. Watoto wengine wawili wafanye vivyo hivyo kwa tepe zao. Tepe zote zipimwe madawatini kwa rula, na majibu yaandikwe ubaoni yote, hata yasiyofanana. Mwalimu asiseme lipi sahihi. Aulize tu: mstari ni mmoja, mbona programu yasema 10 na rula zasema 10.4? Mjadala utakaofuata ndio moyo wa somo. Baadhi watailaumu rula, nao wasikemewe. Kweli ziko rula ambazo alama ya sifuri haianzii ukingoni, na ziko zilizopinda. Rula na zikaguliwe. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297 na upana wa milimita 210, nayo ni shahidi anayepatikana karibu kila ofisi ya shule. Rula ikikubaliana na karatasi, shutuma zirudi kwenye kioo.

Hatua inayofuata ni kusahihisha. Ikiwa 100 za programu zimetoka milimita 104, ukuzaji wa ukurasa upunguzwe: 100 zidisha kwa 100, gawanya kwa 104, unapata 96. Mwalimu aweke ukuzaji wa asilimia 96, achore upya, tepe ipite tena. Katika ile kompyuta mpakato iliyotoa milimita 85, hesabu hiyo hiyo hutoa asilimia 118. Watoto wa darasa la nne wasilazimishwe kuifanya hesabu hii. Inatosha waone kwamba mstari umerekebishwa kwa kufuata rula, na si rula kwa kufuata mstari. Darasa la sita na la saba waifanye wenyewe.

Zipo programu zinazomwomba mtumiaji aweke kadi ya benki juu ya kioo na kuvuta picha mpaka ilingane nayo. Kadi za aina hiyo zina upana wa milimita 85.6 kwa kanuni ya kimataifa, na kwa njia hiyo programu hupata kipimo kilichotoka kwenye kioo chenyewe. Mwalimu asiye na kadi atumie tepe yake. Matokeo ni yale yale.

Maswali ya mtihani yasemayo “pima” yasionyeshwe kwenye kioo wala ukutani. Yachapwe kwenye karatasi, na hata hapo mwalimu apime nakala moja kabla ya kuzigawa, kwani mashine ya kuchapa ikiagizwa kutosheleza ukurasa hupunguza mchoro kimya kimya. Jibu liandikwe katika mwongozo wa kusahihisha kutoka kwenye nakala hiyo, si kutoka kwenye programu.

Asilimia iliyopatikana iandikwe kwenye kipande cha karatasi na kubandikwa kando ya mashine, pamoja na tarehe, jina la kioo na mpangilio wa nukta uliokuwapo. Kioo kikibadilishwa, au mtu akibadili mpangilio, au projekta ikisogezwa hata hatua moja, karatasi hiyo ibanduliwe na tepe zitolewe upya.